Unyoya Ambao Haukuchomwa

Nyumbani kwetu Ngamiani, hapa Tanga, mkeka hutandikwa barazani baada ya isha, umeme uwepo usiwepo. Mpwa wangu, msichana wa miaka 10, hukaa upande wa ukutani. Rafiki yake wa nyumba ya tatu, mvulana wanayesoma darasa moja, hukaa ukingoni kabisa, mguu mmoja nje ya mkeka, kama mtu anayejua ataitwa kwao wakati wowote. Mimi mjomba mtu nina kigoda changu. Mdogo wangu, mama yake yule msichana, yuko Muscat. Alikwenda kufanya kazi za ndani kwa mkataba wa miaka 2, akaniachia mtoto, begi la nguo za shule, na ile saa ya usiku ambayo mtoto humtaka mama na hataki mtu mwingine.

Alfajiri ya safari, mtoto alijifanya amelala. Alikuwa amefumba macho vizuri kabisa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la kanga ya mama yake. Mdogo wangu alijaribu kuichomoa polepole, ikashindikana. Basi akaivua kanga ile, akamwachia pale kitandani, akajitanda nyingine, tukatoka kwenda kupanda basi la Dar es Salaam. Hakugeuka nyuma, wala mimi sikumwambia ageuke.

Baada ya hapo nyumba nzima tukaingia katika jambo ambalo leo nalijutia. Bila kukaa kikao wala kuambizana, tukaacha kumtaja mama yake mbele yake. Jina likija mdomoni tunalimeza. Picha iliyokuwa sebuleni ikahamia chumbani kwangu. Tulidhani tunamsitiri mtoto. Na mtoto naye, kwa adabu yake, akatusitiri sisi: hakuuliza, hakulia, akaacha tu kumaliza chakula.

Kwa jirani mambo yalikuwa hivyo hivyo, ila mazito zaidi. Baba yake yule mvulana alikuwa mvuvi. Aliondoka na ngalawa usiku mmoja wakati wa kusi, na wenzake waliokwenda kumtafuta wakaikuta ngalawa imepinduka, yeye hayupo. Walitafuta siku kadhaa. Mwisho aliswaliwa sala ya maiti ghaibu, akasomewa hitima, watu wakala ubwabwa, wakatawanyika. Kaburi hakuna. Mtoto akaambiwa awe mwanamume, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia neno jingine.

Kwa hiyo barazani kwangu walikaa watoto wawili wenye pengo, na mtu mzima mmoja asiyejua pa kuanzia. Nikaanzia pale bibi yangu alipokuwa akianzia.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Kaondoka Chanjagaa, kajenga nyumba kakaa..." Na msichana akaimalizia yote, mwana siti, kijino kama chikichi, hadi vilango vya kupita. Mama yake alikuwa amemfundisha. Lilikuwa jambo la kwanza la mama yake kusikika katika nyumba ile kwa wiki tatu.

Nikawapa kisa cha paa. Wengi mliolelewa pwani mnakijua, lakini nivumilieni nikipitie, maana yote niliyojifunza mwaka huu yamo humo.

Palikuwa na maskini aitwaye Hamdani. Kazi yake ilikuwa kuchakura jaani kama kuku, akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumni. Bibi yangu akifika hapo alikuwa akifungua pindo la kanga yake, akatuonyesha sarafu ya senti hamsini, maana katika ujana wake hiyo nayo iliitwa thumni. Baadaye sana nikajua kuwa thumni ya Hamdani ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Basi akapita mtu na tundu lenye paa, anauza. Na Hamdani, ambaye hakuwa na cha kutia mdomoni, akaitoa thumni yake akanunua paa. Watu wakamcheka. Usiku wakalala pamoja chini, yeye na paa wake, na paa akafungua kinywa akasema maneno ya kibinadamu.

Kutoka hapo safari inaanza. Paa akaokota almasi porini, akaifunga katika majani, akaenda nayo mbali kwa sultani mmoja, akasema ametumwa na bwana wake. Akamposea binti. Akarudi kumchukua Hamdani, akamtia mtoni akamwosha, akamtafutia mavazi, akamwoza. Kisha akatangulia peke yake hadi kwenye mji uliokuwa kimya, wenye nyumba kubwa, na ndani ya nyumba ile bibi kizee mmoja na joka la vichwa 7. Paa akashika upanga. Hapo watoto wangu walisimama. Mvulana alihesabu vichwa kwa vidole, na kichwa cha saba kilipoanguka alikaa chini kwa kishindo kama aliyekikata ni yeye. Nyumba, mali na mji vyote paa akampa bwana wake.

Kisha paa akaugua.

Akamtuma bibi kizee apande juu amwambie bwana kuwa hajiwezi. Bwana akasema apikiwe uji wa mtama mwekundu. Bibi kizee akashangaa: uji wa mtama, kwa paa huyu, katika nyumba hii? Akapanda tena, akateremka tena, na majibu ya juu yakazidi kuwa magumu, mpaka Hamdani akatamka kwamba paa yule alimnunua kwa thumni tu.

"Lakini si ashuke amjulie hali?" akasema msichana. "Ni ngazi tu, mjomba. Yeye yuko juu na paa yuko chini. Ni ngazi tu!"

Nimekisikia kisa hiki tangu nikiwa na meno ya utoto na sikuwahi kuiona ile ngazi. Siku zote nilidhani kosa la Hamdani ni kusahau fadhila. Mtoto ambaye mama yake yuko ng'ambo ya bahari aliona kosa la karibu zaidi: mgonjwa yuko chini ya sakafu yako, na wewe hushuki. Sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutomjulia hali mgonjwa. Hata uliyegombana naye unakwenda, unakaa hata dakika tano, unasema pole, unatoka. Mke wa Hamdani alilijua hilo, ndiyo maana kwa siri alipeleka maziwa, wali na mto wa kulalia. Lakini paa hakuwa akingojea wali. Akafa.

Hapa lazima niseme ukweli wangu. Usiku ule wa kwanza niliruka. Baada ya paa kufa, Hamdani aliamuru atupwe kisimani, na sehemu hiyo sikuitaka mbele ya mtoto yule wa mvuvi. Nikapita juu juu, nikaenda moja kwa moja kwenye ndoto: mke akaota yuko kwao, akaamka yuko kwao; mume akaota anachakura jaani, akaamka yuko jaani, na watoto wanaopita wanamwuliza alikuwa wapi siku zote hizi. Hadithi yangu ikaishia hapo.

Kimya. Kisha sauti kutoka ukingoni mwa mkeka:

"Na yule paa? Walimwacha wapi?"

Nikasema alizikwa. Akauliza nani alimzika, kama bwana mwenyewe hakumjali. Akauliza alizikwa wapi. Nikaona kuwa nimeiba kitu na mwenyewe amegundua. Basi nikarudi, nikaisema kama ilivyo. Paa alitupwa kisimani. Mke akalia, akamwandikia baba yake barua. Sultani aliposoma akaondoka saa ile ile, na mawaziri wake, makadhi, matajiri na maskini, wakasafiri mpaka pale. Hakuna aliyesema ni mnyama tu. Wakashuka kisimani wenyewe. Wakamtoa. Wakamzika maziko ya mtu mwenye heshima, na mji mzima ukakaa matanga.

"Rudia pale wanaposhuka kisimani," akasema.

Nikarudia. Akasema tena nirudie. Usiku ule nilishuka kisima kile mara tatu, na kila mara aliongeza swali: kulikuwa na kamba? Maji yalikuwa mengi? Walimtoa mzima, hakukatika? Walimwona uso? Nilijibu yote. Alipoitwa kwao aliinuka taratibu, akavaa ndala zake, akaondoka bila kuaga, na mimi nikabaki kwenye kigoda nikijiuliza kama nimemdhuru mtoto wa watu.

Kesho yake alikuja kabla ya isha.

Nikaenda kutafuta kisa kile kilivyoandikwa, nione bibi aliongeza nini na mimi nilipunguza nini. Aliyekiandika kwanza katika kitabu ni Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyefika Unguja 1864 na baadaye akawa askofu. Aliketi na wasimulizi wa mjini, akaandika walivyosema, akatoa kitabu London mwaka 1870, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kisa cha paa kimo ndani ya hadithi ndefu ya Sultani Darai. Kutoka humo Andrew Lang akakichukua, akakitia katika mojawapo ya vitabu vyake vya hadithi kwa watoto wa Uingereza mwaka 1901. Nilipoona hivyo nilifikiri juu ya watoto wa London ya wakati ule, wamejifunika blanketi, wanasomewa juu ya jaa la Unguja na paa aliyetupwa kisimani. Hakuna aliyewahurumia akaiondoa sehemu ile. Nami nilitaka kuwaondolea wetu.

Katika kitabu hicho hicho cha Steere kuna hadithi nyingine ambayo bibi yangu pia alikuwa nayo, ya nunda mla watu. Hiyo niliisimulia wiki iliyofuata. Sultani ana paka anayempenda. Paka anakula kuku, sultani anasema paka ni wangu na kuku ni wangu. Anakula mbuzi, ng'ombe, ngamia. Jibu ni lile lile. Paka anakua na kukua mpaka siku anapowarukia watoto wa sultani mwenyewe na kuwala. Ndipo baba anapolia kuwa huyu si paka tena, ni nunda. Na anayetoka kwenda kumtafuta ni kitinda mimba, yule aliyekuwa akidharauliwa kwa sababu hukaa jikoni. Anaua mnyama, anamburura mpaka nyumbani, anamwimbia mama yake kwamba amemwua nunda mla watu. Mama anamwimbia kwamba mwanangu, siye huyo. Anarudi porini. Analeta mwingine mkubwa zaidi. Siye huyo. Punda milia, siye. Twiga, siye. Faru, siye. Kila mara wazazi wanamsihi apumzike, na kila mara anasema hapana. Mpaka siku anapokutana na nunda mwenyewe mlimani, anamwua, anamleta, na mama anakubali: ndiye.

Wasotho wana hadithi ya namna hii, ya dude Kholumolumo lililomeza watu wote na mifugo yao. Kijana mmoja akalipasua tumbo wakatoka wote hai. Nilijua hilo, na usiku ule nilitamani sana kulihamishia kwetu, nipasue tumbo la nunda watoke kaka zake yule kitinda mimba. Lakini katika nunda ya pwani hawatoki. Nunda anafukiwa, watu wanaishi kwa amani, na kaka zake hawatoki. Nikaiacha hivyo. Watoto hawakulalamika. Msichana alishughulika na jambo jingine kabisa.

Mwanzoni mwa hadithi ile kuna mtende wa sultani ambao ndege hula tende zake kila mwaka. Kaka wakubwa wanawekwa walinde, wanalala. Kitinda mimba anajitia changarawe mdomoni asilale, anamkamata ndege. Ndege anamwomba amwachie, wanakuwa marafiki, anampa unyoya wake mmoja na kumwambia: ukipatwa na shida, uchome motoni, popote nilipo nitajua na nitakuja. Kwa namna nilivyosimuliwa na bibi, unyoya ule haukuchomwa hata mara moja. Yule kijana alipambana na wanyama wote wale, akapambana na nunda, na unyoya hautajwi tena.

"Aliusahau?" akauliza msichana.

Nikasema labda wasimulizi ndio waliousahau.

"Hakuusahau," akasema. "Unyoya ni mmoja. Ukiuchoma huna tena."

Ijumaa mama yake hupiga simu. Muscat iko mbele yetu saa 1, kwa hiyo kwake ikiwa saa nne usiku, kazi zimekwisha na vyombo vimeoshwa, kwetu ni saa tatu. Simu yenyewe ni dakika kumi, kumi na tano. Na nilikuwa nimeshangaa kwa nini mtoto huyu, aliyengoja wiki nzima, humwambia mama yake maneno machache tu: hajambo, shule nzuri, mjomba hajambo, haya mama. Nilimdhania mkali. Kumbe alikuwa akiubana unyoya.

Ndipo nikanunua daftari kubwa la kurasa 96, nikawaambia tutaandika safari yetu wenyewe, inayoanzia pale Hamdani alipoamka jaani. Watoto wawili, msichana na mvulana, wanamsikia analia, wanaamua kumtafuta paa. Unyoya nilimpa msichana. Kisima nilikiunganisha na mapango ya Amboni, maana hapa Tanga kila mtoto amesikia kuwa mapango yale hayana mwisho.

Sura za kwanza zilikwenda vizuri. Nilipofika ya tano nikafanya kosa la pili. Niliandika kwamba watoto wanamkuta paa chini ya kisima amelala tu, si mfu. Wanamwita kwa jina, anafungua macho. Nilijiona nimefanya jambo jema sana. Nikawasomea nikiwa na furaha.

Mvulana akasema, "Kama paa anarudi, basi..." Akanyamaza. Hakumaliza, na haikuwa lazima amalize. Akawa anachomoa ukindu mmoja kwenye mkeka, taratibu, kuanzia ncha.

Msichana ndiye aliyenijibu. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Paa amekufa, mjomba. Mama hajafa."

Na baada ya kitambo: "Baba yake amekufa. Mama yangu yuko Omani. Si kitu kimoja."

Niliuchana ukurasa ule mbele yao. Kwa muda mrefu sisi wakubwa tulikuwa tumewafanyia mamoja: kutotaja, kuhamisha picha, kumeza jina. Kimya kile kile kwa aliyesafiri na aliyezama. Msichana alikuwa akiona mama yake anazikwa kwa kimya chetu, na mvulana alikuwa akiona baba yake anafanywa msafiri ambaye huenda akatokea. Wao wenyewe, kati yao, walikwisha kuyatenganisha. Niliwauliza walizungumza lini mambo hayo. Wakasema njiani, kwenda shule.

Nawaambia waandishi wenzangu wa Kiswahili: watoto wa miaka 9 mpaka 12 tumewaacha katikati. Vitabu vya picha wameviacha, riwaya za wakubwa hawajazifikia, na kile kidogo tunachowapa tunakifunga kwa maswali: hadithi hii inatufundisha nini? Mtoto ameshuka kisimani na sultani, bado ana tope miguuni, nasi tunamtaka aandike mafunzo matatu. Kisa cha paa hakikuniuliza swali hata moja nilipokuwa mdogo. Kiliniacha jaani na Hamdani, nikakaa naye, na mpaka leo nikiona jaa namkumbuka. Watoto hawa wanataka majini, upanga, mapango na ndege anayesema, na ndani ya hayo wanataka kukuta jambo lao, lililosemwa kwa jina lake. Na anayekwenda safari asiende peke yake. Hilo la mwisho ni langu. Paa wa kisa cha kale alifanya yote peke yake, na yakamwua.

Jumamosi moja niliwapeleka Amboni, tuione njia ya hadithi yetu. Ni mwendo mfupi tu kutoka mjini kuelekea kaskazini. Tulimkuta mzee mwongozaji, akatupa tochi moja, nyingine akashika yeye. Ndani kunanukia kinyesi cha popo, na ukimulika juu unawaona wamejibana. Mwamba ni wa chokaa, umelainika kwa maji, na mahali pengine inabidi upite kwa tumbo. Alituonyesha pale watu wanapoacha sadaka zao kwa mzimu, vitambaa na chupa za marashi. Akatusimulia habari ambayo kila mwongozaji huwa nayo, ya wazungu wawili walioingia na mbwa wao zamani. Mbwa, wanasema, alikuja kuonekana Kilimanjaro.

"Na wenyewe?" akauliza mvulana.

"Wenyewe hawakuonekana tena."

Mvulana akaitika kwa kichwa. Nilishika bega lake, lakini hakuhitaji. Alipendezwa. Hapa palikuwa na mtu mzima anayesema wazi kwamba watu wengine hawaonekani tena, na tochi bado inawaka.

Kisha mzee akamulika ukutani, akasema mwamba wote huu, tangu chini mpaka juu, ulikuwa chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Mvulana akauliza kama ni bahari hii hii yetu. Mzee akasema ndiyo hii. Mvulana akakaribia ukuta, akauwekea kiganja, vidole vimetanuka. Akakaa hivyo. Msichana naye akaja akaweka chake kando ya chake, bila kusema kitu, na mzee yule, Mungu amjalie, akazima tochi yake asiwamulike usoni. Sijui tulisimama muda gani. Mkono wa mvulana ulipotoka ukutani ulikuwa na vumbi jeupe, naye hakulipangusa mpaka tulipofika nyumbani.

Sura ya tano tuliiandika upya jioni ile. Watoto wanashuka kwa kamba ya mnazi. Wanaikuta mifupa ya paa, midogo na myepesi. Wanaifunga katika kanga. Wanaipandisha. Wanachimba chini ya mtende na kumzika, na mvulana ndiye anayeweka jiwe la kichwani. Maneno ya sura hiyo karibu yote ni yake; mimi nilishika kalamu tu.

Ila unyoya ulileta ugomvi. Mvulana alitaka uchomwe pale kisimani kamba ilipotaka kukatika. Msichana akakataa. Akasema ni wa mwisho wa hadithi. Mvulana akasema rafiki yako ananing'inia na wewe unaweka akiba? Hawakusemezana siku mbili. Alipita mbele ya baraza letu kwenda dukani bila kutazama, naye msichana alikaa na daftari magotini akijifanya anasoma. Siku ya tatu alichukua kalamu yangu, akaandika mwenyewe, kwa herufi zake kubwa, kwamba msichana aliuchoma unyoya. Akampelekea daftari kwao. Alirudi akaniambia, "Ndege alikuja. Sasa hana unyoya wa kutoa tena, lakini amejua nyumba."

Katikati ya hayo nilikuwa nimemsimulia mdogo wangu kwenye simu habari za daftari, akacheka, akasema ngoja nikwambie. Nyumba anayofanyia kazi ina bibi mzee, mama wa mwenye nyumba. Alizaliwa Unguja, akaondoka msichana mdogo baada ya Mapinduzi ya 1964, na Kiswahili chake ni cha mjini, kizuri kuliko chetu. Usiku mdogo wangu humkanda miguu, na bibi humsimulia mambo ya utotoni. Alipomtajia kisa cha paa bibi alikaa kitako kitandani. Hakuwa amekisikia, alisema, tangu mama yake afariki.

Ijumaa iliyofuata simu iliingia saa tatu kamili. Nilikwisha kuirudisha picha sebuleni. Ipo chini ya saa ya ukutani. Msichana alipokea, akaongea na mama yake. Sikuhesabu dakika, lakini nilisikia habari za popo, za mtihani wa hesabu, za paka wa jirani aliyezaa. Alimwuliza mama yake amekula nini. Alimwambia nimekukumbuka, waziwazi, na mama yake akamwambia nami pia, nimekukumbuka sana. Kisha akampa simu rafiki yake, akabonyeza spika, akaiweka kati yao juu ya mkeka.

"Bibi anataka kuwasalimu," ilisema sauti ya mdogo wangu.

"Shikamoo bibi," wakasema wote wawili.

"Marahaba wajukuu zangu." Sauti nyembamba, imetulia. "Na huyo wa kiume mtoto wa nani?"

Mvulana alinitazama. Kisha akataja jina la baba yake, jina kamili, la kwake, la baba yake na la babu yake, kama yanavyotajwa msikitini. Akasema, "Alifariki baharini, bibi."

"Mwenyezi Mungu amrehemu. Amrehemu, mwanangu." Pakawa kimya kidogo, tukasikia kikombe kikiwekwa chini huko Muscat. "Paukwa."

"Pakawa!"

Akaipokea mwenyewe, Chanjagaa na nyumba yake na kijino kama chikichi, bila kukosea hata neno. Alipomaliza akauliza, "Haya, mmefika wapi?"

Mvulana akasogea katikati ya mkeka, akainamia simu.

"Pale wanaposhuka kisimani," akasema.